Mbao Sita za Ziwa la Shingo Ndefu

Verna, zima hiyo redio. Kwamba mvua inanyesha tunajua, tunaisikia juu ya bati. Delbert, vua koti hilo linalochuruzika maji, vuta kiti, kaa upande wa sikio langu lililo zima, na funguo za katapila ziweke hapa juu ya blanketi nizione. Sikuwaita mje kuniaga. Nimewaita kwa sababu nina maneno ya kuwaachia, na pumzi niliyobakiwa nayo itatosha kuyasema mara moja tu, kwa hiyo msinikatize. Mkiona nimenyamaza, ngojeni, nitakuwa naitafuta pumzi, sijamaliza.

Nianze na vitu, maana vitu ni vyepesi. Nyumba hii ni ya Verna, pamoja na jiko la kuni na mashimo yote ya panya yaliyomo. Mtumbwi wa mwerezi ni wako Delbert, kwa kuwa aliyeuchonga mbavu zake ni baba yako, nami nilikuwa nautunza tu. Sufuria kubwa la chuma la kukaangia mpunga lisigawanywe wala lisiuzwe. Atakayekaanga ndiye atakayelitumia, na akimaliza alipake mafuta kabla ya kulifunika. Bunduki ya marehemu mume wangu Wilfred irudi kwa dada zake. Vijiti vyangu vya kupukutishia mpunga viko juu ya kabati, viwili, vimelainika kwa mikono ya mama yangu na yangu. Wapeni wajukuu mmoja mmoja wavijaribu, na ambaye havitamtoa malengelenge ndiye mwenye navyo.

Kizito ni ziwa.

Mimi ndiye mkuu wa mpunga-mwitu huu unaojiotea wenyewe ziwani, mwaka wa hamsini na mbili sasa. Nikisema limefunguliwa, mitumbwi inaingia; nikisema bado, hata mwenye njaa anakaa ufukweni ananisubiri. Mbao sita za lango la kizuio zinatolewa na kurudishwa kwa kauli yangu. Na leo mpunga hauna hata kimo, majani yake yamelala juu ya maji kama nywele za mtu aliyezama, mizizi yake ni uzi, na maji yanapanda. Yakipanda shibiri moja kwa haraka yataung'oa wote, na miaka miwili hii mfululizo hatukuvuna hata cha kutia kwenye supu. Najua. Sihitaji kuambiwa.

Asubuhi niliwasikia jikoni. Mlidhani nimelala. Delbert ulisema, "Wewe Verna unaweza kukaa ukitazama nyumba inaungua, mradi mama hajasema neno!" Na Verna ukajibu, "Na wewe ukipewa katapila, hata meno utayachokoa kwa katapila." Nilicheka hadi mbavu zikanichoma. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu niliyasikiliza maneno yenyewe. Delbert anataka kizuio kivunjwe leo, chote, zege na mbao, ziwa lirudi kuwa kama kabla wakata-miti hawajaja kulifunga. Verna anataka kisiguswe kitu, kwa sababu mimi miaka hii yote sikuwa mtu wa kugusa. Mmoja ana hakika hivi, mwingine ana hakika vile. Hakika hiyo naijua sauti yake. Ilikaa jikoni mwangu zamani, ikanywa kahawa yangu, na ikamuua mtu.

Nisikilizeni hapo, sasa.

Baba yetu alipofariki, ukuu wa mpunga ulikwenda kwa kaka yangu Shabadi, baba yako, Delbert. Alikuwa mtu wa polepole. Kila alfajiri ya kiangazi alitoka na mtumbwi, akatia tumbaku kidogo majini iwe sadaka, akazunguka, akarudi, na ukimwuliza ameona nini alikuwa akisema, "Leo sijajua bado." Watu walimtania. Mzee mmoja wa ng'ambo ya ziwa alimwita Bwana Bado. Mimi nilimwonea aibu, maana nilikuwa na miaka thelathini na moja, nina nguvu, nina mume, na kila kitu nilikuwa nakijua.

Ikatokea mpunga ukakosa. Mwaka wa kwanza watu walisema ni kawaida, na ni kweli, mpunga huu mwaka unazaa na mwaka unagoma, tangu zamani. Mwaka wa pili ukakosa tena, na hapo ndipo hofu ilipoingia. Tulikutana ukumbini. Akaja kijana wa ofisi ya maji ya jimbo, mrefu, mwekundu shingoni, jina lake Harlan Tveit, akaweka makaratasi mezani akasema maji yapandishwe kidogo yashikiliwe hapohapo bila kuyumba. Mimi nikasimama nikasema yashushwe, kwa sababu mwaka niliozaliwa ulikuwa wa ukame na baba alituambia mpunga ulizaa mpaka mitumbwi ikazama kwa uzito. Shabadi akasikiliza pande zote, akakuna kidevu.

"Tusiguse mwaka huu," akasema. "Au tukigusa, tuguse kidogo tuone. Hatujui kama ziwa linaumwa au limepumzika."

"Na watoto wapumzike kula?" nikamwuliza mbele ya watu.

Walicheka, nami nikafurahia kicheko chao.

Juni ile mimi na Wilfred tulikwenda kwenye kizuio alfajiri, na kulabu ya marehemu baba ya kunyanyulia mbao, tukatoa mbao tatu bila kumwambia mtu. Agosti ile mpunga ulisimama kuanzia Ghuba ya Mawe mpaka mdomo wa mto. Hamjaona wala hamtaona mpunga kama ule. Tulivuna mpaka mikono ikavimba. Nikatembea katikati ya watu kama mtu aliyeumba mpunga. Baraza likaniambia nichukue ukuu, na kaka yangu akanikabidhi kulabu ambayo tayari nilikuwa nimeshaitumia, na hakusema neno ila moja: "Zozed, huenda ungekuja hata bila wewe."

Sikumsamehe neno hilo. Angenitukana ningesamehe. Lakini hilo lilikuwa kama mwiba, kwa kuwa sikuwa na jibu lake. Kweli, huenda ungekuja hata bila mimi. Ningewezaje kujua? Sikuwa nimeacha sehemu yoyote bila kuigusa nikapata kulinganisha. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kabla nategemea kuona nini. Nilifanya jambo moja, likafuatwa na jingine, nikasema mimi ndiye mama wa yote mawili. Tangu siku ile mimi na kaka yangu hatukusemeshana, ingawa mtoto wake hatukumnyima njia. Mama yako, Delbert, kifua kilikuwa kimeshamchukua. Baba yako akienda kutega panya-maji ulilala kwangu, mlango wangu na wake ikitazamana kutoka pande mbili za ziwa.

Mwaka uliofuata nilitoa tena mbao tatu. Mara hii yakaja yale magugu ya maua ya zambarau, yakajaa kwenye matope yaliyokauka, yakaufunika mpunga wote wa Ghuba ya Mawe. Mtu mwenye akili angejiuliza kama amekosea. Mimi nikasema sikushusha vya kutosha. Mnaona ninavyowaambia? Ulipozaa, ni kwa sababu nilishusha maji. Ulipokosa, ni kwa sababu sikushusha zaidi. Kwa hesabu hiyo ningewezaje kukosea hata siku moja?

Verna, nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Vuli ile Tveit alirudi ukumbini. Alisema kuna njia ya kuyaua magugu: maji yakishushwa chini ya barafu, baridi inaingia mpaka kwenye matope na mizizi inakufa. Lakini akasema, na nayakumbuka maneno yake mpaka leo kwa kuwa nimeyasikia kichwani kila majira ya baridi tangu hapo, "Tusifanye mwaka huu. Kwanza tupime barafu, na kila anayevuka ziwa aambiwe, nyumba kwa nyumba." Mimi nilisikia nusu ya kwanza. Ile ya pili niliiona ni woga wa watu wa ofisini.

Barafu ilikuwa na wiki tatu, na theluji juu yake. Mimi na Wilfred tukatoa mbao zote sita.

Wilfred aliniuliza mara moja tu, tukiwa pale juu ya kizuio, pumzi zetu zinatoka kama moshi. "Na Shabadi? Yeye anapita katikati."

"Barafu itashuka polepole pamoja na maji," nikamwambia. "Haina pa kwenda pengine."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nilikuwa na hakika, wanangu. Sikuwa namdanganya. Na kumwambia kaka yangu kungemaanisha kubisha hodi kwake, na kubisha hodi kungemaanisha kusikia tena lile neno lake. Nikajiambia nitamtumia salamu Jumapili. Siku ya nne, saa tisa mchana, nilikuwa pale dirishani, dirisha hilohilo nyuma ya mgongo wa Verna, na wewe Delbert nimekubeba ubavuni, una miaka mitatu, una homa kidogo, unalilia baba. Nikakuonyesha. Nikasema, "Yule pale, anakuja kukuchukua." Alikuwa anavuka, anaburuta kigari chake cha kuteleza juu ya theluji. Ulimpungia mkono.

Barafu haikuwa imeshuka. Ilikuwa imeng'ang'ania kingo na mawe pande zote, imetandikwa juu ya utupu kama kifuniko juu ya chungu kisicho na kitu, na chini yake maji yalikuwa mbali. Hakupiga kelele. Au alipiga na sikusikia, kioo kilikuwa kimefungwa. Alikuwapo, kisha hakuwapo, na kigari kikabaki pembeni ya shimo, kamba yake imeelekea chini.

Usisimame. Delbert, nimesema usisimame. Bado.

Tulimpata siku ya pili. Watu walikwenda kwenye kizuio wakakuta lango tupu, na kabla jioni haijafika jina la Tveit lilikuwa midomoni mwa kila mtu, kwa sababu si yeye aliyesema ukumbini kuhusu kushusha maji chini ya barafu? Alikuja mwenyewe, bila polisi, kofia mkononi. Akasema, "Sikugusa ubao hata mmoja. Naapa." Mama mmoja mzee akamjibu, "Wenzako wa serikali huapa hivyohivyo kila wanapotuchukulia kitu." Mtu akamtemea mate kwenye viatu. Watu walikuwa na sababu mia za kumwona mwongo, na zote zilikuwa za kweli isipokuwa ile moja. Akanitazama mimi, mkuu wa mpunga, mfiwa, akingoja niseme neno. Wilfred alikuwa anaangalia sakafu. Mimi nikanyanyua shali nikajifunika uso.

Walimhamisha. Nilimwona tena mara moja tu, baada ya miaka ishirini na kitu, dukani, tunapanga foleni ya unga. Akavua kofia. Nikamgeuzia mgongo.

Na wewe Delbert nikakulea juu ya uongo huo kama mtu anayemlisha mtoto uji wenye mchanga. Ulipokuwa na miaka kumi ulipiga gari la ofisi ya maji kwa jiwe, nami nikakupikia mkate wa kukaanga. Ulipoingia kwenye baraza, jambo la kwanza ulilofanya ni kupitisha azimio kwamba mtu wa ofisi ile asikanyage kwetu, na ule mtambo wao wa kupimia maji kule juu ya mto ukang'olewa, na kila mtu alikupigia makofi, na mimi nilikaa mstari wa mbele nikapiga makofi pamoja nao. Kwa ajili hiyo leo, mvua siku ya nne, hakuna hata mmoja wetu anayejua maji mangapi yako njiani yanakuja. Uongo wangu bado unafanya kazi, mwanangu. Haukuishia kwa baba yako.

Nenda nje basi, kama unataka kwenda nje. Mwache, Verna. Mwache, nimesema. Mlango ufungwe tu kwa upole.

Sikia. Amewasha pikapu.

Nitakuambia wewe basi, na akirudi utamwambia, na asiporudi utayafanya peke yako.

Baada ya maziko nilitaka kuacha ukuu. Sikuweza, kwa sababu ningeulizwa kwa nini. Kwa hiyo nilifanya kazi kwa namna ya Shabadi, nikawa naiga mwendo wa mtu niliyemwua. Kila alfajiri na mtumbwi. Nguzo za alama nikazisimika majini. Ghuba ya Mawe nikaing'olea magugu. Ghuba ya Kaskazini nikairushia mbegu zilizofinyangwa ndani ya udongo. Na ile ndogo ya mashariki nikaiacha kabisa, isiguswe na mtu, ili iniambie ziwa linafanya nini lenyewe ninapojidai kulisaidia. Maji nikayabadilisha ubao mmoja kwa mwaka, usizidi. Na kabla sijagusa chochote nilisimama ukumbini nikasema kwa sauti ninategemea kuona nini, kusudi nisiweze kujisifu baadaye. Mara nyingi ghuba ile ya mashariki ilizaa kuliko zote mbili, na watu wakanicheka, nami nikasimama nikasema nimekosea. Wewe Verna ulidhani mama yako alikuwa mtu wa kutogusa. Siyo. Niligusa kila mwaka. Niligusa kwa kiasi ambacho ningeweza kukirudisha.

Kwa hiyo kukaa tu na kutazama si urithi wangu, usinisingizie. Maji yanapanda leo, na kukaa ni kuchagua pia.

Na msidhani namna yangu itawatosha. Ziwa nililolijua mimi silo hili mnalolirithi. Zamani Novemba barafu ilikuwa imeshafunga; mwaka jana tulikula sikukuu ya Krismasi maji yako wazi na batamaji wanazunguka kama waliopotea njia. Mvua hii ya siku nne, wakati wangu ilikuwa mvua ya mwezi na nusu. Ghuba ya mashariki, ile niliyoiacha iwe kipimo changu, miaka miwili hii haijaotesha jani hata moja, na hiyo inanitisha kuliko yote, kwa sababu safari hii si mkono wangu, wala sijui ni wa nani. Nimelala hapa wiki tatu natafuta jibu la kuwaachia na sina. Pengine hata mkifanya vyema kila kitu, mpunga hautarudi. Semeni hivyo kwa watu. Msiwadanganye.

Ngoja... pikapu imezima? Nani anapanda ngazi?

Ni wewe. Umelowa tena. Kaa basi, hata chini, hapo hapo.

Sema kwa nguvu, sikio hili halisikii. Eti nini? "Hamsini, Shangazi. Miaka hamsini nimemchukia mtu." Ndiyo. Na sasa una wa kumchukia aliye sahihi, na hatakaa sana, kwa hiyo usiipoteze hasira yako kwenye zege. Najua kwa nini unataka kukivunja kizuio kile. Unakiona kimemmeza baba yako. Si kizuio. Pengine siku moja kinapaswa kuondoka, pengine una haki kuliko sisi wote. Kiondoeni basi kwa miaka, vuli kwa vuli, maji yakiwa machache, mkitazama kila hatua. Lakini ukikivunja leo, maji yote haya yatashuka kwa pamoja, na chini pale Darajani kuna nyumba kumi na moja, na kitakachovunjwa na katapila hakirudishwi kwa katapila. Utakuwa umesimama dirishani kama mimi.

Usinijibu. Sikiliza ya kufanya, maana miguu yangu imeshashikwa na baridi, na baridi yenyewe inapanda.

Kwanza piga simu ofisi ya maji. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako uliowafukuza. Waulize maji mangapi yanakuja kutoka juu. Watakuringia, vumilia. Kisha ukapite Darajani nyumba kwa nyumba, hata ile ya yule mlevi, uwaambie tunafungua, wapandishe vitu juu, watoto waondoke. Umesikia? Kabla ya ubao, siyo baada.

Halafu mtoe mbao mbili. Siyo sita. Na kabla hamjatoa, simameni palepale mbele ya watu mseme mnategemea maji yafike alama gani kesho adhuhuri. Verna, wewe chukua mtumbwi uende Ghuba ya Mawe, utie mkono majini, uvute jani moja kwa vidole viwili. Likikushikilia, mizizi bado ipo. Likija bure mkononi... basi limekuja. Kwenye nguzo ya Darajani, maji yakifika alama ya tatu, rudisheni ubao mmoja, hata kama mpunga unang'oka mbele ya macho yenu. Watu kwanza. Mbegu nyingine zimelala kwenye matope, zinaweza kungoja. Miaka mingapi sikuwahi kujua.

Mkuu wa mpunga atakuwa Verna. Delbert, usininunie. Wewe kazi yako ni kumpinga. Kila anapokuwa na hakika, msimamie mbele, mwulize amejuaje. Mimi baada ya baba yako sikuwa na wa kuniuliza, na Wilfred aliuliza mara moja akaridhika na jibu baya. Verna, siku utakapoacha kumsikiliza huyu, siku hiyohiyo uache na ukuu.

Haya niliyoyasema yaende ukumbini, yote, kwa jina langu. Msiyapambe. Mkinizika kabla watu hawajajua, mtakuwa mmezika mtu mwingine.

Na Tveit yu hai. Yuko kwenye ile nyumba ya wazee, mjini, baada ya barabara kuu. Nenda, Delbert. Mwambie hakugusa ubao hata mmoja. Akitaka kulia, kaa naye. Akikufukuza, ondoka, na urudi siku nyingine. Na umwombe... umwombe akuambie alichokuwa anataka kupima siku ile, kabla hatujamkatiza. Pengine bado anakumbuka.

Nina baridi. Hapana, acha blanketi.

Mkono wako, Verna. Na wako. Siyo huo, Delbert, ule uliompungia baba yako. Ndiyo, huo.

Yule aliyetuweka juu ya maji haya awaweke wima. Awape macho yanayovumilia kutazama... ndimi zisizoona haya kusema nimekosea. Awape na mtu wa kuwabishia, awaachie muda mrefu pamoja. Mpunga ukirudi, wa kwanza mpeni Delbert aupeleke majini alipo... pale baba yake. Usiporudi, bado muende kila alfajiri. Muende tu.

Sasa inukeni. Nyote wawili. Nini tena, Verna? Hapana. Hapana, hakuna wa kubaki hapa kunishika mkono, mikono miwili haitoshi ubao uliovimba kwa maji, unahitaji minne. Tazama dirishani, maji yameshafika wapi? Semeni kweli.

Basi nendeni. Funguo za katapila ziacheni hapa juu yangu.

Mlango... uacheni wazi. Nendeni, wanangu. Msiningoje.